TAIRI KUUKUU SI TAKATAKA, NI KAZI

(Hotuba hii ilisomwa katika mkutano wa tawi na ndugu yetu mmoja wa gengi ya njia ya reli, sehemu ya Ruiru na Thika. Wanachama waliomba ipigwe chapa ili wale waliokuwa zamu siku hiyo nao waisome.)

Ndugu Mwenyekiti, ndugu Katibu, na ninyi nyote ndugu zangu wanachama,

Mimi si mtu wa kusema mbele ya watu. Nilisoma shule ya msingi ya misheni, kisha nikashika koleo na nyundo, na mpaka leo mikono yangu inajua zaidi kuliko ulimi wangu. Lakini Katibu alikuwa akinisikia nikinung'unika juu ya jambo moja kila tunapokula chakula cha mchana, akaniambia: "Ndugu, usinung'unike kwa watu watatu. Njoo ununung'unikie tawi zima." Basi nimekuja, na nikiisha kunung'unika nitaomba mambo matatu.

Jambo lenyewe ni matairi ya motokaa yaliyochakaa.

Mtaniuliza, sisi watu wa reli, ambao gari letu lina magurudumu ya chuma, matairi ya mpira yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Sisi wa gengi hutembea kwa miguu toka Ruiru, tukapita Juja, mpaka Thika, tukitazama reli, mataruma na kokoto. Tunaona mambo ambayo abiria hayaoni. Tunaona matairi yametupwa katika mitaro yetu, yakazuia maji ya mvua, na maji yakila tuta la reli kazi ni yetu. Tunaona madoa meusi kando ya njia, mahali ambapo vijana huchoma matairi usiku ili wapate waya ulio ndani wakauuze kwa kilo. Vijana hao si wageni. Ni watoto wa Kimbo, wa Juja na wa Makongeni, ni watoto wetu.

Reli ilifika Thika mwaka 1913. Siku hizo motokaa zilikuwa chache sana. Leo barabara kuu ya Nairobi na Thika, ile iliyopanuliwa na kufunguliwa mwaka 2012, haina usiku wala mchana. Matatu, malori na pikipiki zote zinakula matairi. Kiwanda cha matairi kilichokuwa Nairobi, kile cha Yana, kilisimamisha kazi ya kuyatengeneza mwaka 2016, na tangu hapo twategemea zaidi matairi ya ng'ambo. Maana yake ni kwamba tunatoa fedha zetu nje kununua mpira, tunautumia mwaka mmoja au miwili, kisha tunauchoma. Hayo ni mahesabu ya mtu asiyetaka kuendelea.

Ndugu zangu, wazee waliofanya kazi karakana wakati wa injini za moshi walituambia jambo ambalo wengi wenu mnalijua. Gurudumu la injini lilikuwa limevishwa bangili ya chuma kigumu. Bangili ilipashwa moto ikatanuka, ikavishwa, ikapoa ikakaza. Ilipochakaa kwa kusugua reli, hawakulitupa gurudumu zima. Walivua bangili wakavisha nyingine. Hata leo gurudumu la behewa likiharibika umbo huchongwa kwa mashine likarudi njiani. Kwa hiyo sisi tangu zamani hatukufundishwa kutupa kitu kwa sababu kimechakaa upande mmoja. Tulifundishwa kuuliza: Kilichobaki ni kizima? Kinaweza kazi gani?

Sasa tulitazame tairi lenyewe. Mpira kama unavyotoka mtini hunata wakati wa joto na hukakamaa wakati wa baridi. Mwaka 1839 Mmarekani mmoja, Charles Goodyear, aligundua kwamba mpira ukipikwa pamoja na salfa hushikamana ukawa imara. Na mwaka 1888, huko Belfast, John Boyd Dunlop alitengeneza tairi la kujazwa upepo kwa ajili ya baisikeli. Toka hapo dunia nzima ikataka mpira. Nasi Waafrika tusisahau gharama yake, maana katika Kongo ya Mfalme Leopold, kabla ya mwaka 1908, watu walilazimishwa kwenda msituni kukusanya mpira, na walioshindwa kutimiza kipimo waliteswa, wengine wakakatwa mikono, wengine wakauawa. Mimi nikiona mpira unatupwa mtaroni nawakumbuka watu hao.

Huko kupikwa na salfa ndiko kunakofanya tairi lisioze, na ndiko kunakofanya lisiyeyushwe. Chuma chakavu unakiyeyusha, ukakimimina, ukapata chuma kingine. Plastiki nyingi vilevile. Lakini tairi ni kama yai lililochemshwa. Hata ukilirudisha motoni halirudi kuwa ute. Ukilipasha sana linaungua tu. Basi njia za kulitumia ni hizi: kulivisha upya, kulikata, kulisaga, au kulipika katika mitambo maalumu. Kulichoma ovyo si njia, ni hasara.

Nitaanza na kulikata, kwa sababu ndiko kulikonilisha.

Baba yangu alikuwa kibarua katika shamba la kahawa upande wa Ruiru. Shamba lilipokatwa viwanja vya nyumba, vibarua waliambiwa kwaherini. Baba hakuwa na cheti chochote. Alikuwa na kisu kimoja, jiwe la kunolea, na mzee rafiki yake wa Thika aliyejua kushona akala. Mnazijua akala. Wamasai wanazivaa, wachungaji na wakulima wanazivaa, na ndugu zetu wa Tanzania wanaziita katambuga. Baba alikaa na mzee yule miezi mitatu bila malipo akajifunza.

Nami nilimtazama baba nikajifunza kidogo. Kwanza ni kuchagua. Tairi lenye nyuzi za nailoni hukatika vizuri, lakini lile lenye wavu wa waya chini ya meno humaliza kisu na kuchoma vidole. Pili, kisu kiloweshwe maji, maana mpira mkavu hushika kisu, na mpira uliolowa hukiachia. Tatu, vipimo. Tairi kubwa la lori, mzunguko wake ni zaidi ya mita tatu, na upana wa soli mbili. Fundi asiyekosea anatoa jozi kumi hivi. La motokaa ndogo linatoa tatu. Ubavu wa tairi ni mwembamba, huo unafaa kwa mikanda, na tyubu la ndani linafaa pia.

Baba alikuwa akisema hivi: jozi mbili za kwanza zimerudisha bei ya tairi, ya tatu imelipa misumari na nauli, na zilizobaki ni unga na ada ya shule. Mimi nilisomeshwa kwa akala, ndugu zangu, wala sioni haya kulisema.

Sasa nitawaambia jambo ambalo ninaona haya kulisema. Nilipomaliza shule sikutaka kukaa chini na kisu kama baba. Nilitaka fedha za haraka. Mimi na rafiki yangu tulianza kukusanya matairi na kuyachoma usiku katika machimbo ya mawe yaliyoachwa, tukatoa waya, tukampelekea mnunuzi wa vyuma ambaye hakuuliza neno. Tairi la motokaa ndogo lina uzito wa kilo tisa hivi. Waya ulio ndani ni kilo moja na kidogo. Kwa hiyo tulikuwa tunaharibu kilo karibu nane ili kuuza kilo moja, na hiyo kilo moja ilikuwa chuma kilichoungua, cha bei ya chini.

Usiku mmoja tulipata tairi la lori likiwa bado limo ndani ya rimu yake, na lina upepo. Hatukujua. Tuliliweka motoni hivyo hivyo. Lilipopata joto lilipasuka kama bomu. Rimu ilimpiga rafiki yangu mguuni ikauvunja mahali pawili. Mpaka leo anatembea kwa magongo. Hakupata fidia hata senti. Adai kwa nani? Hakuwa na mwajiri, hakuwa na chama, hakuwa na karatasi yoyote. Mnunuzi wa vyuma alipoulizwa alisema hamjui.

Nilirudi nyumbani alfajiri, uso na mikono imejaa masizi. Baba hakunipiga. Aliniuliza lile tairi lilikuwa la ukubwa gani. Nikamwambia. Akasema: "Mmechoma jozi kumi za viatu, na mguu mmoja." Kisha akaendelea na kazi yake. Hayo ndiyo maneno ninayoyanung'unikia mpaka leo.

Ndugu Mwenyekiti, naomba nieleze madhara ya kuchoma na kutupa, maana wako wanaodhani ni moshi tu. Moshi wa tairi una hewa ya salfa, una hewa ya kaboni inayoua mtu katika chumba kilichofungwa, na una sumu nyingine ambazo madaktari wanasema huleta saratani. Kwa hiyo mama asiwashe jiko kwa kipande cha tairi, hata kama kuni zimelowa. Na moto wa matairi mengi ni mgumu kuzimika. Huko Hagersville, nchini Kanada, mwaka 1990 mamilioni ya matairi yaliyorundikwa pamoja yalishika moto, yakawaka siku 17, na mafuta yaliyotoka yakaingia ardhini. Wale walikuwa na zimamoto za kutosha. Je, sisi?

Na lile lisilochomwa likitupwa huweka maji. Hata likigeuzwa upande upi, maji kidogo hubaki ndani. Mbu anayeitwa Aedes hupenda sana maji ya namna hiyo. Huyu si yule wa malaria, huyu huuma mchana, na mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi. Ndiye aliyeeneza homa ya denge Mombasa mwaka 2013, na chikungunya mwaka 2018. Ukiwa na tairi nyumbani, ukalitumia kama bembea ya watoto au kushikilia bati la banda, litoboe matundu upande wa chini maji yatoke. Ni kazi ya dakika tano.

Sasa nirudi kwenye kazi, yaani vitu vinavyoweza kuuzwa.

Njia ya kwanza ni kulivisha upya. Tairi la lori au basi ambalo meno yameisha lakini mwili ni mzima, hukwanguliwa mpira wa zamani, likabandikwa mpira mpya na kupikwa kwa joto na mkazo. Hii ni ile ile bangili ya injini yetu. Tairi zuri huweza kuvishwa zaidi ya mara moja, kwa mpira mdogo kuliko wa tairi jipya. Lakini jihadharini na wale wanaochukua kisu na kuchonga meno ya uongo katika tairi lililokwisha. Hiyo si kazi, huo ni uuaji.

Njia ya pili ni kukata, na hapa msidhani ni akala tu. Niseme kweli, soko la akala si lile la zamani. Sandali za plastiki na viatu vya mitumba vimelipunguza. Fundi anayeshona akala peke yake atalala njaa. Lakini tazameni nchi yetu hii ya Kiambu. Kila boma lina ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe anataka hori la kulia na hori la maji ambalo halivunjiki akilikanyaga, na lori likikatwa tairi lake katikati hutoa mahori mawili. Ng'ombe anayelala juu ya saruji anataka mkeka wa mpira. Wenye punda wanataka matairi ya mikokoteni. Mafundi wa viti wanataka mikanda ya kutandaza chini ya godoro la kiti. Wenye pikipiki wanataka kamba za tyubu za kufungia mizigo. Mafundi wa magari wanataka bushi. Maduka na ofisi wanataka mikeka ya kufutia miguu. Na Thika kuna viwanda vya ngozi tangu zamani, kwa hiyo fundi wa hapa anaweza kupata vipande vya ngozi akaweka juu ya soli ya tairi, akapata kiatu ambacho hata karani atavaa.

Njia ya tatu ni kusaga. Tairi husagwa na mashine, sumaku ikavuta waya wote, mpira ukabaki kama mchanga mweusi. Mchanga huo hutandazwa katika viwanja vya michezo ya watoto, hugandishwa kuwa mikeka, na huchanganywa na lami. Katika mji wa Phoenix, Marekani, mhandisi Charles McDonald alianza kuchanganya mpira na lami miaka ya 1960, na barabara hustahimili nyufa. Katika nchi nyingine mpira huo hufanywa mabamba ya kutandika pale barabara inapokatana na reli. Sisi tunaojua taabu ya kutengeneza makutano ya barabara na reli kila baada ya mvua, tunajua faida yake.

Njia ya nne ni kupika bila hewa, kupata mafuta, gesi na makaa meusi, au kuyatumia kama kuni katika tanuri za saruji, ambamo joto hupita digrii 1,400 na hata waya huingia katika saruji. Hizi ni kazi za mitambo yenye mtaji na ulinzi. Si kazi ya pipa nyuma ya nyumba. Kama mtu akija kwenu na pipa na kuahidi utajiri, mkumbukeni rafiki yangu.

Ndugu wanachama, sasa nafika katika kiini cha maneno yangu. Kazi ipo, na soko lipo. Shida ni kwamba anayeikata tairi yuko peke yake. Ananunua tairi moja moja kwa bei ya mwenye tairi, anauza jozi moja moja kwa bei ya mwenye mguu. Akijikata, anafunga kitambaa. Sisi tuna chama. Mwanachama akiumia kazini kuna Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, na kuna Katibu wa kumshika mkono. Fundi wa akala hana lolote katika hayo. Mwaka 1985 Rais Moi alipofika kwa mafundi wa jua kali wa Kamukunji akaahidi kuwajengea mabanda, aliwakuta wengi mahali pamoja, na sauti yao ilikuwa moja. Naamini kama wangekuwa wametawanyika kila mtu chini ya mti wake, hakuna ambaye angewaona.

Tena kuna Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022. Sheria hiyo inasema kwamba anayetengeneza kitu au kukileta nchini kukiuza ana jukumu juu yake hata baada ya kuchakaa. Ni sheria nzuri. Lakini swali la mfanyakazi ni hili: Fedha zitakazotolewa kwa ajili ya matairi zitafika mikononi mwa nani? Zitaishia kwa wenye ofisi na malori, au zitamfikia anayekusanya na anayekata? Tusipouliza mapema, tutajibiwa tumechelewa.

Kwa hiyo naomba tawi mambo matatu.

La kwanza: Katibu awaandikie wakubwa wa kazi, kwamba matairi yaliyochakaa ya malori yetu yasiuzwe kwa mtu ambaye atayachoma. Yauzwe kwa kikundi cha mafundi kilichoandikishwa, kwa bei ya haki, na risiti iwepo.

La pili: Tawi litoe watu wawili wanaojua mambo ya akiba na mikopo, waende kwa mafundi wa Thika na Ruiru siku za Jumamosi, wawasaidie kuandikisha chama cha ushirika. Wakinunua pamoja, wataweza kuwa na glavu, miwani ya kulinda macho na sanduku la dawa. Sisi tulifundishwa na waliotutangulia, nasi tufundishe.

La tatu: Kila mmoja wetu mwenye kijana nyumbani amwambie habari ya waya. Amfanyie hesabu ya kilo nane na kilo moja. Kijana haogopi maneno, lakini hesabu huielewa.

Najua mtu atasema, chama cha reli kina taabu zake, mishahara, nyumba na malipo ya uzeeni, ya nini kujitwika mzigo wa wengine? Namjibu hivi. Wengi wetu tuna ndugu jua kali, na siku tukipunguzwa kazini, huko ndiko tutakakokwenda. Afadhali tukute banda lililojengwa kuliko kukuta moto.

Baba bado anakata, ingawa macho yamepungua. Rafiki yangu wa magongo anakaa karibu naye, anapiga misumari na kukata mikanda, maana kazi hiyo haitaki miguu. Wote wawili wameniambia niwasalimu, na wameuliza kama tawi litakubali. Nimewaambia nitawaletea jibu baada ya mkutano.

Ndugu Mwenyekiti, nimekwisha.